Risasi za .22 za mashindano ya mita 50: nitachagua vipi inayofaa mtutu wangu?

Bolti_Ngong:

Salaam wadau. Bunduki ni CZ 457 ya .22 na ya bolti (komeo la kufungwa kwa mkono), mtutu mzito, na shindano ni la kulala mita 50, risasi 60. Kwa sasa nalisha risasi za CCI Standard Velocity. Nikiiegemeza kwenye mfuko wa mchanga, kundi la risasi kumi linapimwa milimita 28 hadi 32, kutoka ukingo wa nje wa tundu moja hadi ukingo wa nje wa lile la mbali zaidi. Kinachonisumbua ni ile moja inayopanda au kushuka peke yake wakati nyingine zote zimekaa pamoja.

Dila (muuza risasi) mmoja hapa mjini ana SK Rifle Match, Lapua Center-X na Eley Match. Tenex ya Eley ni ya kuagiza. Naomba kujua: pesa ziende wapi? Nitapima vipi bila kumaliza nusu ya risasi kwenye kupima kwenyewe? Je, kupanga risasi kwa unene wa ukingo wa kitako cha ganda kunasaidia? Na zile za kasi ya juu, si zingekata upepo vizuri zaidi?

---

Mtutu_Baridi:

Ndugu, anza na hili: jina lililo kwenye boksi halipigi shabaha. Inayopiga ni loti, yaani risasi zilizotengenezwa pamoja na kupewa namba moja. Center-X ya loti moja na Center-X ya loti nyingine zinaweza kutofautiana ndani ya mtutu wako kuliko Center-X na SK. Ndiyo maana Lapua wana kituo cha kupimia kule Schönebeck, Ujerumani, na Eley wana chao Uingereza, ambako mshindani hupeleka bunduki yake ikafungwa na kujaribiwa loti moja baada ya nyingine hadi ipatikane inayokubaliana na mtutu ule. Sisi wa hapa tunafanya kazi hiyohiyo kwa mfuko wa mchanga.

Ujue kwanza unatafuta nini. Pete ya kumi ya bunduki mita 50 ina kipenyo cha milimita 10.4. Risasi ina unene wa milimita 5.6, na ikigusa tu mstari wa pete inahesabiwa kumi. Kwa hiyo kundi la milimita 21.6, nje hadi nje, likikaa katikati kabisa, ni kumi zote. Likiwa 30, hata ukilenga bila kosa utapoteza alama, na utajilaumu kwa kosa lisilo lako. Kwa mtutu kama wako, loti inayokupa 20 hadi 22 mara kwa mara ni loti ya kununua. Ukipata 18, usimwambie mtu hadi umemaliza kulipa.

Kuhusu kupima, chukua maboksi mawili mawili ya kila loti. Risasi 10 hadi 15 za mwanzo za kila aina ni za kuuzoesha mtutu, usizihesabu. Kila kiwanda kina nta yake ya kupaka risasi, na mtutu uliopakwa nta ya CCI hautulii na ya Eley papo hapo. Wengi hupotea hapa: wanapiga tano za SK, tano za Eley, tano za Lapua, halafu wanatangaza mshindi, na walichopima ni mchanganyiko wa nta tatu.

Mtutu ukishatulia, piga makundi manne ya kumi kumi, mawili siku ya kwanza na mawili siku ya pili. Usipime kwa tano. Kundi la tano kwa wastani hutoka kama asilimia 80 ya lile la kumi kwa risasi zilezile, hivyo linakupa moyo usiostahili, na ile inayoruka inaweza isitokee kabisa. Siku ya pili rudia kwa mpangilio wa kinyume. Kama ulianza na SK ukamaliza na Eley, sasa anza na Eley, maana upepo wa saa nne si wa saa moja, na bega lililochoka si lile la asubuhi.

Kisha chukua karatasi nyembamba ya kupenyeza mwanga, weka alama ya msalaba katikati, iweke juu ya kila shabaha huku msalaba ukiwa kwenye kituo kilekile cha kulenga, na utoboe kwa sindano katikati ya kila tundu. Ukimaliza makundi manne una picha moja ya vitobo 40. Hiyo haidanganyi. Loti yenye kundi moja zuri sana na matatu yaliyotawanyika utaiona mara moja, na utaiacha.

---

Dada_Shabaha:

Naongeza kuhusu hiyo inayopanda au kushuka, kwa sababu ina maelezo yake.

Kwenye .22 kemikali ya kuwasha baruti haikai kwenye kibonge kimoja katikati ya kitako cha ganda kama ilivyo kwa risasi kubwa. Inawekwa ikiwa mbichi, kisha inazungushwa kwa kasi hadi ijae ndani ya ukingo. Ikibaki nene upande mmoja na haba upande mwingine, moto hauanzi sawasawa, na kasi inabadilika. Sasa hesabu: risasi inayotoka na mita 330 kwa sekunde hushuka takriban sentimita 12 kabla ya kufika mita 50. Inayotoka na 320 hushuka karibu milimita 7 zaidi. Milimita 7 ndani ya pete ya milimita 10.4! Hakuna mkono wa kurekebisha hilo.

Ukiweza kuazima kipima kasi, andika kasi ya risasi kumi kumi. Tofauti kati ya ya haraka na ya polepole ikiwa ndani ya mita 10 kwa sekunde, hiyo ni risasi ya mashindano. Ikifika 20, ni ya mazoezi. Lakini kipimo cha kasi kisikutawale. Mtutu hutikisika risasi ikiwa bado ndani, na kuna loti ambazo mtikisiko huo hufuta sehemu ya tofauti ya kasi. Karatasi ya vitobo 40 ndiyo hakimu, kipima kasi ni shahidi.

Kuhusu kasi ya juu na upepo, sivyo kabisa, na nasisitiza kwa sababu kosa hili halikomi. Upepo wa ubavuni hausukumi risasi kwa kadiri ya muda inaokaa hewani. Husukuma kwa kadiri ya muda inaochelewa kwa kupoteza kasi njiani. Risasi ya mita 380 kwa sekunde imepita kasi ya sauti, na hapo hewa huibana vikali, inapoteza kasi haraka. Ya mita 330 iko chini ya kasi ya sauti tangu inapotoka mtutuni. Upepo uleule utaisogeza ya kasi ya juu zaidi kuliko ya kawaida kwenye mita 50. Ndiyo maana hutamkuta mshindani makini wa mita 50 na boksi la kasi ya juu. Tenex, Midas+, Center-X, R50 za RWS, zote ni za chini ya kasi ya sauti.

Na wewe uko Ngong, kwa hiyo pima asubuhi mapema. Adhuhuri ikifika utakuwa unapima upepo, si risasi.

---

Fundi_Bolti:

Hapo pa unene wa ukingo watu watanipinga, ila nasema wazi: kwa loti nzuri ya mashindano, kupanga risasi kwa unene wa ukingo ni kupoteza Jumapili. Hoja ya wanaopanga ni kwamba ukingo ndio unaoshikilia risasi kwenye chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi), kwa hiyo ukitofautiana, pini inapiga kwa nguvu tofauti. Ni kweli. Lakini viwanda vya risasi ghali vimeshabana tofauti hiyo, na kwa risasi za bei nafuu utapanga ukingo na kemikali iliyokaa vibaya itabaki palepale. Ukitaka lazima, panga za mazoezi, utoe zile za mbali sana na wenzake uzitumie kuzoesha mtutu.

Kabla ya kulaumu risasi, kagua vitu vitatu. Cha kwanza, skrubu zinazoshika bunduki kwenye kitako. Zikilegea nusu mzunguko, kila risasi utakayojaribu itaonekana mbovu. Zikaze kwa spana ya kipimo, kiwango kilekile kila mara. Cha pili, magazini. Toa risasi moja iliyokwisha kuingia chembani bila kupigwa, uitazame kwa kioo cha kukuza. Ukiona ncha ya risasi imekwaruzwa au imechubuka upande mmoja, magazini au mdomo wa chemba unaumiza madini laini ya risasi, na risasi iliyochubuka haizunguki sawa. Lisha kwa mkono moja moja, au weka kibao cha kulishia badala ya magazini. Cha tatu, pete ya masizi inayojengeka pale chemba inapoishia na mifereji ya kuzungusha risasi kuanza. Dalili yake ni bolti kuanza kufunga kwa kusukumwa, na makundi kurefuka kwenda juu na chini. Safisha kutoka nyuma kwenda mbele, ukitumia fimbo yenye kiongozi (mrija unaoiweka katikati ya mtutu), na brashi ifanye kazi zaidi kwenye sentimita chache za mwanzo. Ukishasafisha, piga tena 15 za kuzoesha kabla ya kupima chochote.

Tena usifute nta kwenye risasi. Kuna wanaoifuta kwa kitambaa kwa sababu inashika vumbi. Nta ndiyo inayozuia risasi kuacha madini mtutuni. Funga boksi, vumbi halitaingia.

---

Bolti_Ngong:

Nashukuru sana, hasa kwa hesabu ya milimita 7, imenifungua macho. Swali la nyongeza: ikitokea SK Rifle Match na Center-X zimefungana kwenye karatasi, nichukue Center-X kwa sababu ni ghali? Na kubeba za kutosha msimu mzima, ni ngapi?

---

Mtutu_Baridi:

Zikifungana chukua SK. SK na Lapua za .22 zinatoka kiwanda kimoja cha Schönebeck, na unacholipia zaidi kwenye Center-X ni uwezekano mkubwa wa kupata loti nzuri. Kama loti nzuri ya SK tayari iko mezani kwako, uwezekano huo umeshaupata. Pesa iliyobaki iwe mazoezi.

Ila nunua loti hiyohiyo, si "Rifle Match nyingine". Soma namba ya loti kwenye kila boksi, usiamini katoni, kwa maana shehena ndogo huchanganywa. Eley huandika pia kasi ya loti kwa futi kwa sekunde kwenye boksi. Hiyo ni nzuri kwa kuchuja: mtutu wako ukipenda loti za kama 1,065, ukifika dukani anza na zilizo karibu na hapo. Hata hivyo bado utapima.

Kwa idadi, shindano la 60 pamoja na za kujipimia linahitaji risasi 100 kwa usalama. Zidisha kwa mashindano yako, ongeza mazoezi mawili ya mwisho kabla ya kila shindano, kwa sababu haifai kufanya mazoezi na CCI hadi Ijumaa kisha Jumamosi mtutu ukutane na nta mpya. Kwa wengi hiyo ni matofali matatu au manne ya 500.

---

Mama_Kibali:

Kabla hujalipia hayo matofali, soma cheti chako cha bunduki. Chini ya Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, cheti kinataja kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kiasi unachoruhusiwa kuwa nacho kwa wakati mmoja. Kama kikomo chako ni kidogo kuliko hesabu ya Mtutu_Baridi, peleka ombi kwa bodi ya leseni mapema ukiwa na uthibitisho wa kushiriki mashindano, na umwombe dila akushikie loti hiyo kwenye stoo yake, uchukue kwa awamu. Loti nzuri ikipimwa na watu watatu mjini huisha haraka. Kuagiza mwenyewe kutoka nje bila kibali cha kuingiza ni kosa, hata kama ni boksi moja.

Kwa anayesafiri kushindana nje: mashirika ya ndege hufuata kikomo cha kilo 5 za risasi kwa abiria, kwenye mzigo wa kukabidhi, zikiwa zimefungwa vizuri, na kwa idhini ya shirika iliyoombwa kabla. Huwezi kuunganisha kikomo chako na cha mwenzako kwenye sanduku moja. Risasi 500 za .22 zina uzito wa chini ya kilo 2, kwa hiyo hesabu yako ya shindano inaingia bila shida.

---

Kijana_Pistol:

Naomba kudandia. Haya yote yanahusu pistol ya .22 mita 25 pia?

---

Dada_Shabaha:

Kwa sehemu tu. Pete ya kumi ya pistol mita 25 ina kipenyo cha milimita 50, kwa hiyo karibu risasi yoyote nzuri ya kasi ya kawaida ina usahihi wa kutosha. Kinachokupotezea alama ni bastola kukwama katikati ya mfululizo. Piga angalau 200 za loti moja bila kukwama hata mara moja kabla ya kuiamini, na uzipige asubuhi ya baridi ya Julai, nta ikiwa ngumu. SK Pistol Match na Eley Pistol Match zimetengenezwa kwa kazi hii. Ikikwama na risasi nzuri, angalia kwanza midomo ya magazini na mafuta kwenye slaidi.

Na nyote wawili, msiache maboksi kwenye gari lililoegeshwa juani. Nta ikiyeyuka hujikusanya upande wa chini wa kila risasi, na loti mliyoipima kwa risasi 40 haitakuwa ileile tena.