Wakulima wa Uluguru: tuwahamishe au tuwalipe?

Mkazi wa Kibamba: Wakuu, habari za jioni. Kiangazi mto Ruvu, unaotuletea maji Dar, unapungua, tunapewa mgao. Masika nayo ikianza, maji yanatoka kama chai ya maziwa. Tope linatoka milima ya Uluguru kule Morogoro, watu wanalima mpaka kwenye kingo za mito, wakati Sheria ya Mazingira ya 2004 imesema mita 60 usiguse. Wengine wanataka tuwalipe ili waache. Mimi nasema wahamishwe. Kazi yao kuchoma moto na kusubiri mvua.

Binti Mgeta: "Kazi yao kuchoma moto." Haya kaka. Kabichi uliyokula leo mchana nani kaipanda? Mama yangu anatoka saa kumi alfajiri na tenga kichwani, mteremko ambao wewe ungeushuka kwa makalio. Njoo Nyandira siku ya soko urudie maneno hayo.

Fundi Bomba: Dada punguza munkari, jamaa ana hoja. Tope likiongezeka mtoni, mtamboni shabu inatumika nyingi, na hiyo ni pesa. Nasema shabu ya kusafishia maji, si ile ya vijana.

Kiwembe: Hakuna aliyeuliza ya vijana fundi 😂😂

Fundi Bomba: Nimefafanua tu.

Kiwembe: Mwenye ya kwake moyoni ndiye hufafanua.

Mzee wa Matombo: Wanangu, haya ya kuwalazimisha watu yalishafanyika. Mwingereza aliamuru milima yote ichimbwe matuta. Udongo mwekundu wa chini ukaja juu, mahindi yakatoka ya njano. Watu wakakataa, mwaka 1954 hapa Matombo polisi wakafyatua risasi, mpango ukafa.

Msomaji: Shikamoo mzee. Ilikuwa 1955.

Mzee wa Matombo: Marahaba. 55 basi, risasi ni zilezile. Lakini mashirika ya CARE na WWF walipokuja huku milimani, Kibungo Juu, matuta watu walichimba, wakapanda na miti. Tofauti ni kwamba safari hii waliulizwa kwanza, halafu wakalipwa. Hela yenyewe ndogo, ila mtu alijiona kaheshimiwa.

Tajiri Mtoto: Walipwe na nani? Na mimi? Bomba langu linatoa upepo, mita inazunguka, bili inakuja. Sasa niongezewe na ya kumlipa mtu asilime?

Fundi Bomba: Upepo hauzungushi mita hivyo.

Tajiri Mtoto: Njoo kwangu nikuonyeshe. Unasikia *fyuuu*, halafu mshale unakimbia kama una deni.

Mama Wawili: Kwangu pia! Mimi nikisikia fyuuu nafunga koki haraka haraka.

*(Hapo yakafuata majibu kama kumi ya mita na upepo, kila mtu na fyuuu yake.)*

Msomaji: Tumeacha mada jamani. Mzee kasema jambo kubwa, hakuna aliyemjibu.

Binti Mgeta: Mimi nataka mwenye mada anieleze hizo mita 60 zinaanzia wapi. Ukingo wa masika au wa kiangazi? Shamba letu lina kijito huku na kijito kule. Ukipima kila upande, umemaliza mgomba, jiko na kaburi la bibi. Tena ardhi ni ya ukoo, upande wa mama. Siwezi kuiuza hata nikitaka, wewe unanihamisha kwa simu ukiwa kitandani.

Mkazi wa Kibamba: Sheria ni sheria dada. Sikuiandika mimi.

Kiwembe: Basi tuanzie kwenu. Mto Msimbazi unanuka hapo Dar pale Jangwani, Mluguru gani kaufikia? Sheria ni hiyohiyo, mita ni hizohizo, watu wamejenga mpaka ndani ya mto.

Mkazi wa Kibamba: Msimbazi hatunywi.

Mama Wawili: Mchicha wake je? Unamwagiliwa na nini?

Mkazi wa Kibamba: Sasa tumehamia kwenye mchicha.

Msomaji: Mkuu, swali lilikuwa lako. Kuhamisha watu milima mizima na kuwalipa wachimbe matuta, kipi rahisi?

Mkazi wa Kibamba: Sijakataa kulipa kabisa. Nilisema waliopo ndani ya zile 60.

Kiwembe: Hukusema hivyo. Panda juu usome.

Binti Mgeta: Na kabichi hajajibu.

Mkazi wa Kibamba: Mchana nilikula maharage.

Binti Mgeta: Yaliungwa kwa nyanya za wapi?