Ringi ya nje ya beringi imegoma kutoka kwenye fremu, naombeni msaada

mzee_wa_vumbi:
Wakuu salaam. Nina baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, sasa huku nyuma imeanza kulialia kila nikikanyaga pedeli, na nikiinyanyua kwa siti, siti inapanda kidogo kwanza ndo tairi linafuata, ka! Nikajua beringi za pivoti (pale mkono wa nyuma unapoungana na fremu na kuchezea) zimekwisha. Nimetoa shokapu, nimefungua bolti, swingamu (huo mkono wa nyuma unaoshika tairi) ikashuka. Beringi ukizungusha kwa kidole zinakwaruza kama zina mchanga, moja haizunguki kabisa, kutu tupu.

Sasa hapa ndo nilipoharibu. Nikaweka soketi kwenye ringi ya ndani nikagonga nyundo, mbili zikatoka freshi nikajiona fundi, ya tatu, ile ya kutu, ringi ya ndani ikaruka gololi zikamwagika sakafuni na ringi ya nje imebaki humo humo, hakuna hata pa kuishika. Fremu ni aluminiamu, beringi ni 6902 2RS (6902 ndo saizi, 2RS ni sili za mpira pande zote mbili). Naitoaje? Na mpya naziingizaje maana nyundo nishaiogopa.

gurudumu_bovu:
Pole mkuu, imetupata wengi 😂 Kwa nyuma yake kuna ukingo au ni wazi?

mzee_wa_vumbi:
Kuna ukingo, nikipitisha kidole kwa nyuma hakigusi ringi kabisa.

spana_kumi:
Basi kugonga kwa nyuma sahau. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu uache usiku kucha, kesho mwagia maji ya moto hapo kwenye fremu au zungushia kitambaa kilicholoweshwa maji yaliyochemka. Aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu linailegezea ringi. Halafu tafuta pula ya beringi, ile inayotanuka kwa ndani, midomo yake itakamata ule mfereji zilikokuwa zinapita gololi.

Ikigoma na hapo, chukua grinda ndogo ya mkono, ile ya kidisiki kama sarafu, chana ringi sehemu mbili zinazotazamana ila USIFIKE kwenye aluminiamu, acha kaunene kama ka karatasi. Chuma cha beringi ni kigumu ila hakipindi, ukiweka tindo kwenye mchano ukagonga kidogo kinapasuka chenyewe. Vaa miwani, vipande vinaruka kweli.

pedeli_moja:
Niongezee kwa watakaosoma baadae, fremu ikiwa ya kaboni msiende na tochi ya gesi jamani, mtaichoma gundi yake.

dada_gia:
Kuingiza ni rahisi kuliko kutoa. Tafuta rodi yenye uzi mwanzo mwisho, M8 (unene milimita 8) inatosha, nati mbili na washa. 6902 ni milimita 15 ndani, 28 nje, unene 7, kwa hiyo upande wa kusukuma weka kitu cha kama 27 kinachogusa ringi ya NJE tu, upande wa pili soketi pana zaidi ya 28 iegemee fremu. Ukisukuma kwa ringi ya ndani nguvu yote inapita kwenye gololi, zinabonyeza mfereji, umeiua beringi hata hujaiendesha. Mimi natumia beringi ya zamani kama kisukumio, naisugua msasa nje kwanza isije ikanasa humo. Mpya zilaze kwenye friza, safisha tundu kwa spiriti, na ianze kuingia ikiwa imenyooka, ukiona imelala upande rudisha, usilazimishe. Bolti zikaze kwa spana ya toki (ile inayopima nguvu ya kukaza), fuata namba ya watengenezaji wa fremu yako.

gurudumu_bovu:
Na ukinunua chukua zile za MAX, hazina keji (kile kibanio kinachotenganisha gololi) ndani, zimejazwa gololi mwanzo mwisho. Pivoti haizunguki duara zima, inachezea palepale kidogo tu, mzigo unakaa sehemu moja siku zote.

spana_kumi:
Kweli, ila fungua sili ujaze grisi, nyingine zinakuja kavu.

mzee_wa_vumbi:
MREJESHO: pula ilichomoka mara tatu, nikaenda na grinda. Mchano wa pili tindo ikagusa tu, tak, ringi ikatoka vipande viwili, tundu zima halina hata mkwaruzo! Mpya zimeingia zote, nyuma haichezi, kimya. Ila nimekuta kaspesa kamoja (karingi ka kuweka nafasi) mezani sijui kalikaa wapi.

dada_gia:
Ulipiga picha kabla ya kufungua?

mzee_wa_vumbi:
Sikupiga 😭

dada_gia:
Fungua tena mkuu.