Jaketi la ngozi la mtindo wa pikipiki, bei kubwa: je, linamfaa mwendeshaji wa Tanga?

Mwana wa Pongwe (mwuliza swali)

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri kwa wanaoijua ngozi na kwa wanaoijua barabara, kwa sababu nimefika njia panda na fedha ninayotaka kuitumia nimeiweka kwa muda mrefu.

Ninaishi Pongwe na kila siku ya kazi ninakwenda mjini kwa pikipiki ya cc 150. Mara chache kwa mwaka, hasa wakati wa baridi ya Juni na Julai, ninapanda nayo hadi Lushoto kwa wakwe zangu. Katika duka moja la nguo Dar es Salaam nimeliona jaketi jeusi la ule mtindo wa zamani wa waendesha pikipiki: zipu inayokatiza kifua kwa mshazari, kola pana yenye vifungo vya chuma kwenye ncha, mkanda wa kiunoni, na zipu fupi kwenye mikono. Ni ngozi ya kondoo, laini mno, na lilinikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kuvaa. Bei yake ni shilingi 1,900,000. Ngamiani nako kuna mfanyabiashara wa mitumba mwenye jaketi la kuendeshea la ngozi ya ng'ombe, zito, lenye pedi mabegani na viwikoni, ambaye anataka chini ya robo ya fedha hiyo. Tatizo ni kwamba hilo la pili halipendezi hata kidogo: limetuna mabegani na lina maandishi makubwa mgongoni.

Ninachotaka kujua ni kama lile la dukani, kwa kuwa ni ngozi halisi na ni ghali, litanikinga nikianguka, na kama litaihimili hewa yetu ya bahari. Pia naomba mniambie bila kunionea haya kama inafaa mtu mwenye familia kutoa fedha yote hiyo kwa ajili ya sura.

Fundi wa Barabara ya Kumi

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mimi ninashona na kukarabati ngozi, na majaketi ya aina zote mbili yamepita mikononi mwangu, kwa hiyo nitaanza na jaketi lenyewe kabla ya fedha yako.

Karibu kila kitu ulichokitaja katika jaketi lile kilikuwa na kazi. Mwaka 1928 Irving Schott wa New York alitengeneza jaketi aliloliita Perfecto, na muuzaji wa pikipiki za Harley-Davidson huko Long Island akaliuza kwa dola 5.50. Zipu iliwekwa mshazari ili mwendeshaji anapoinama juu ya tangi isijikunje na kumchoma tumboni, na ili pande mbili za kifua zipandiane na kuuzuia upepo. Ncha za kola zilitiwa vifungo ili zisimpigepige usoni, zipu za mikono zikaufunga mkono upepo usipande hadi kwapani, na mkanda ukafunga kiuno. Ngozi yenyewe ilikuwa ya farasi, nene na ngumu, ambayo mwenyewe hulazimika kuivaa kwa muda mrefu kabla haijamlegea.

Majaketi ya mitindo yamelichukua umbo hilo na mara nyingi yameiacha kazi. Usiniamini kwa maneno, lichunguze. Livae, kaa juu ya pikipiki yako, nyoosha mikono ushike usukani. Jaketi lililokatwa kwa ajili ya mtu aliyesimama, mikono ikiwa imeteremka, litapanda mgongoni na kuacha kiuno wazi, na mikono yake itarudi nyuma ya vifundo. La kuendeshea hukatwa mikono ikiwa imepinda kidogo kuelekea mbele, na nyuma ya mabega huwekewa marinda yanayofunguka unaposhika usukani. Kisha ligeuze utazame mishono. Mtu anapoburuzika kwenye lami, mara nyingi mshono huachia kabla ngozi haijatoboka, na ndiyo sababu jaketi la kazi hushonwa mara mbili au tatu kwa uzi mzito wa nailoni, huku mstari mmoja ukifichwa ndani ili ubaki salama ule wa juu unaposagika. Katika majaketi mengi ya mitindo ninayoletewa nimekuta mstari mmoja wa uzi mwembamba, kwa sababu uzi mzito ungeikunja ngozi laini na kuharibu sura.

Kuhusu ngozi ya kondoo, bei yake kubwa inalipia ulaini na wepesi. Unene wa ngozi ya jaketi la mtindo kwa kawaida ni kati ya milimita 0.6 na 0.9, ilhali ya ng'ombe ya kuendeshea ni kuanzia 1.1 hadi 1.4. Si unene tu. Katikati ya ngozi ya kondoo akiwa hai kuna mafuta mengi, na yakishaondolewa kiwandani nyuzi hubaki zimeachana, kwa hiyo huchanika upesi kuliko ya mbuzi yenye unene uleule. Ngozi ya mbuzi ni imara ajabu kwa wembamba wake, na ninasikitika kuona inavyodharauliwa hapa kwetu.

Hewa ya bahari ni adui wa yote mawili. Kabati lililofungwa wakati wa masika huotesha koga juu ya ngozi ndani ya muda mfupi, na mfuko wa plastiki ndio mbaya zaidi kwa kuwa unyevu haupati pa kutokea. Tundika jaketi kwenye hanga pana, lifunike kwa shuka jepesi la pamba, lifute jasho kila ulivuapo, na kamwe usilianike juani likilowa, kwa maana litakakamaa na kupasuka. Lakini ukitunza hivyo ngozi halisi itakaa. Ile ya bandia ya poliyuretani, ambayo wengine huuziwa kwa jina la ngozi, huoza yenyewe kwa joto na unyevu na kubanduka magamba hata ikiwa haijavaliwa.

Msafiri wa Mombo

Shikamoo, Fundi. Ndugu wa Pongwe, nami nitasema ninachokijua kutokana na barabara, na mahali pamoja nitatofautiana na mzee wetu.

Bei haimo katika vipimo vya kinga. Ulaya wana kiwango cha mavazi ya waendesha pikipiki kiitwacho EN 17092, kilichotolewa mwaka 2020, ambacho hupanga nguo katika madaraja: AAA ndilo la juu, likifuatiwa na AA, kisha A, halafu B ambayo huzuia msuguano bila kuwa na pedi, na C ambayo ni ya pedi peke yake. Kinachopimwa ni muda ambao kitambaa au ngozi huhimili msuguano, nguvu ya mishono, na jinsi nguo inavyokataa kuchanika. Pedi za mabega na viwiko zina kiwango chake, EN 1621-1: pedi ya daraja la kwanza, ikipigwa katika maabara, isipitishe kwa wastani nguvu ya pigo inayozidi kilonyutoni 35, na ya daraja la pili isizidi 20. Jaketi la dukani ambalo halina hata mfuko wa kutia pedi halimo katika hesabu hiyo, liwe la milioni mbili au ishirini. Ukidondokea bega, ngozi peke yake hukuzuia kuchunika lakini mfupa haiusaidii.

Kwa hiyo katika jaketi la mtumba tafuta lebo ya ndani yenye picha ndogo ya mwendesha pikipiki na herufi za daraja. Toa pedi uzikunje. Sponji iliyozeeka hukauka na kumeguka, na hiyo ni ya kutupa. Pitisha kidole kwenye mishono ya viwiko na mabega. Ukiona sehemu iliyosagwa kisha ikapakwa rangi, jaketi hilo limekwisha kuanguka na mtu, liache.

Ninapotofautiana na Fundi ni hapa: kwa safari yako ya kila siku sidhani kwamba ngozi ya aina yoyote inakufaa. Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, mtu aliyevaa ngozi nene hupata nafuu pikipiki ikiwa mwendoni tu; akisimama kwenye foleni ya mjini anaoga jasho, na baada ya wiki moja atalitundika nyumbani. Yapo majaketi ya kitambaa cha wavu, yenye pedi zilezile, yanayopitisha upepo na ambayo bei yake ni nafuu. Ngozi iweke kwa ajili ya mlima. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni takriban kilomita 33 za kona, unapanda hadi karibu mita 1,400 juu ya bahari, na huko ndiko mwili unakohitaji joto na kinga kwa pamoja. Mvua nayo ni suala jingine, kwa maana ngozi hunywa maji na kuwa nzito. Waingereza wanaiogopa mvua yao kwa sababu hiyohiyo: kampuni ya Belstaff, iliyoanzishwa mwaka 1924 huko Longton, ilijipatia sifa hasa kwa makoti ya pamba iliyopakwa nta, nayo leo yanapatikana katika maduka ya mitindo ya bei kubwa kama hayo majaketi ya mshazari.

Mshonaji wa Raskazone

Shikamoo, Fundi, na salamu kwenu kaka zangu. Mmesema kweli tupu kuhusu kuanguka, lakini swali la tatu la ndugu yetu hakuna aliyeligusa, nami nadhani ndilo linalomkosesha usingizi.

Hakuna kosa kulipia sura, mradi mtu ajue kwamba ndiyo anayoilipia. Sisi watu wa pwani hatujawahi kuiuliza darizi ya shingo ya kanzu inafanya kazi gani, na fundi mwenye mkono mzuri hulipwa kwa ajili yake bila ya mtu kuguna. Zipu ya mshazari ilianza kwa upepo, sawa, lakini leo inapendeza kwa sababu inauvunja mstari wa kifua na kumfanya mvaaji aonekane mpana juu na mwembamba kiunoni. Hiyo ni kazi ya mkataji, na ni ngumu. Sikubali lugha ya kwamba nguo nzuri ni ya uongo kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya ajali.

Ninachokuomba, kaka, ni uitazame sura yenyewe kwa ukali uleule ambao Fundi ameutazama mshono. Nyumba kubwa za mitindo kama Saint Laurent huuza majaketi ya umbo hili kwa maelfu ya dola, na sehemu kubwa ya fedha hiyo inakwenda kwenye jina. Katika jaketi la milioni moja na laki tisa, inua mkono: tundu la mkono likiwa limekatwa juu, karibu na kwapa, mwili wa jaketi utatulia, likiwa chini, jaketi zima litainuka nawe. Tazama kama vipande vya mbele vimekatwa kutoka ngozi yenye chembe zinazolingana. Gusa bitana. Ikiwa ni ya poliesta nzito, hapa Tanga utaichukia, hata jioni ya kusi. Ya viskozi au pamba nyepesi ungeivumilia. Na ujiulize kwa dhati utalivaa wapi. Kwa hewa yetu naona jioni chache za Julai, safari za Lushoto na Arusha, na ndani ya basi lenye kiyoyozi. Kama jioni hizo zinakutosha, linunue na ulifurahie, ila usipande nalo pikipiki. Kwa mtu mwenye familia mimi ningesema bei hiyo ni kubwa mno kwa jioni chache, lakini wewe ndiye unayeijua nyumba yako.

Mwana wa Pongwe

Nawashukuru sana nyote, na dada wa Raskazone amenielewa hasa. Nimerudi Ngamiani nikalichunguza lile la mtumba kama mlivyonielekeza. Lebo ipo na herufi ni AA. Mishono ni mizima, hakuna mahali palipopakwa rangi, lakini pedi za viwiko zimekauka na moja imeanza kumeguka. Nilipokaa juu ya pikipiki na kushika usukani, lilikaa vizuri kuliko nilivyotarajia, na lile vimbe la mabegani halikunisumbua tena. La Dar es Salaam nimeamua kuliacha kwa sasa, na kwa safari za mjini nitatafuta la wavu.

Fundi, naomba kuuliza: maandishi ya mgongoni yanaweza kuondolewa? Na je, mabega yanaweza kupunguzwa kidogo?

Fundi wa Barabara ya Kumi

Mwanangu, mabega usiyaguse. Uvimbe ule ni pedi, na nikifungua mshono wa bega nitakuwa nimeharibu mahali ambapo daraja lile la AA lilipimwa. Ukitia pedi mpya nyembamba za daraja la pili, uvimbe utapungua bila kukata chochote.

Maandishi yanategemea yalivyowekwa. Yakiwa ni vipande vilivyobandikwa juu na kushonwa, ninaweza kuvifumua, ila matundu ya sindano hayazibiki katika ngozi kama yanavyojifunga katika kitambaa. Yatabaki, nami nitayafifisha kwa nta na rangi nyeusi. Yakiwa ni ngozi ya rangi nyingine iliyounganishwa kipande kwa kipande, kuyatoa ni kuutoboa mgongo, na hapo nitakushauri tuyapake rangi nyeusi tu. Mbali yataonekana kama mistari ya mshono, na kwa kweli si mabaya. Usilifue jaketi wala usilitie sabuni ya unga. Lifute kwa kitambaa chenye maji kidogo, liache kivulini hadi likauke, kisha uje nalo. Pedi mpya nunua kwanza, uje nazo siku hiyohiyo, nizipime katika mifuko kabla sijaifunga bitana.