Konokono wamejaa kwenye bwawa la sato, nikiweka kamongo itakuwaje?

Wakuu, heshima kwenu. Naomba ushauri.

Nipo Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Nina bwawa la kuchimba, mita 10 kwa 15, kina kama mita moja, maji yanatoka kwenye kijito kinachoshuka toka kwenye mawe huko juu. Mwezi wa tatu nilipandikiza vifaranga 450 wa sato na wanakula vizuri tu. Shida ni konokono. Geuza jani lolote la majini, unakuta mayai yao yamegandia chini, ute mzito kama kamasi. Wakubwa wana gamba bapa, limejiviringa kama kamba. Najua konokono wa namna hiyo ndio wanaobeba kichocho, na watoto wa jirani hawakomi kuingia humo kukamata viluwiluwi, hata nilipoweka miiba.

Magugu ya pembeni nimeng'oa mara mbili, yakarudi. Nikaleta bata sita; wiki mbili walikula konokono, halafu wakahamia kwenye chakula cha samaki (wana akili kunizidi). Muuza dawa za mifugo kasema nimwage mrututu (ile chumvi ya shaba ya bluu), lakini nijuavyo unaua na samaki.

Sasa mzee mmoja mvuvi ananiambia niweke kamongo (yule samaki mrefu anayepumua hewa), kwamba konokono anawatafuna na magamba yao. Nikiweka wawili, sato wangu watasalimika, au wafike ukubwa gani kwanza? Na nikikausha bwawa baada ya kuvuna, konokono wanakufa kweli au wanajificha kwenye tope?