Majirani wa Mwembeni: kamba imeshavutwa

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Nimetoka kupita pale mwembeni. Fundi ameshavuta kamba ya msingi, imekatiza njia yetu ya kwenda lami. Tofali zimeshushwa, kesho wanachimba.

Baba Jose: Ile tunayopita na bajaji?

Mama Neema: Hiyo hiyo. Tutabaki na ya kuzungukia kisimani.

Dada Zai: Jamani hapana. Mwezi wa nne mdogo wangu kashikwa uchungu usiku, mwembeni pamemwagwa mchanga, tukazungukia kisimani. Bajaji ikanasa kwenye tope. Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki mpaka lami.

Kaka Hamisi: Poleni. Lakini mwenye kiwanja kanunua kwa hela yake, na karatasi ya mauziano haikutaja njia.

Mzee Mjumbe: Marahaba wanangu. Hamisi, hapo ndipo tulipokosea sote. Huku Goba, pembeni mwa Dar, palikuwa mashamba. Mwenye shamba akamega kipande akauza, aliyenunua naye akamega. Kila mtu kauza ardhi, hakuna aliyeacha barabara. Sinza walipimiwa viwanja na mitaa miaka ya 1970, ndiyo maana mtaa mmoja ukiziba unashika wa pili. Kariakoo nako kulipimwa, tena zamani zaidi. Sisi tunajenga kwanza, mpimaji anakuja kukuta kuta. Na watu hawapungui: sensa ya 2012 Dar tulikuwa milioni 4.36, ya 2022 milioni 5.38.

Baba Jose: Kweli mzee. Gari la kunyonya choo lilishindwa kufika kwangu, mpira wao ukaishia kwa jirani. Zimamoto je?

Kaka Hamisi: Basi tumwombe mita ngapi? Tusiende mikono mitupu.

Mama Neema: Ukuta wangu uko ng'ambo ya njia. Nimeongea na Baba Neema, tunaubomoa upande ule, turudi ndani mita moja na nusu. Mwenye kiwanja naye akirudi hivyo hivyo, gari linapita.

Dada Zai: Dada, ukuta wenyewe wa mwaka jana tu!

Mama Neema: Najua. Mguu mmoja wa kile kiti niliushika mimi usiku ule.

Kaka Hamisi: Tofali hamsini za kuujenga upya natoa mimi.

Mzee Mjumbe: Tukutane saa kumi na mbili asubuhi, kabla fundi hajashika sururu. Nitakuja na mwenyekiti wa mtaa tuandikishane, ili mpimaji wa urasimishaji, yule wa kupima viwanja vyetu tupate hati, aikute njia kwenye karatasi. Twende kwa upole, yule ni jirani yetu.

Baba Jose: Naja na tepu ya kupimia.