Mjadala: Mraibu aliyeiba apelekwe gereza la Lilungu, au atumikie kifungo cha nje huku akitibiwa?

Mleta mada: Mzee wa Fyekeo, Mtwara Manispaa

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu kila likiguswa barazani huishia kwenye matusi kwa mateja na laana kwa mahakimu. Swali langu ni hili: kijana aliyenasa kwenye unga, yaani heroini, au kwenye nipa, pombe kali ya kienyeji, akapatikana na hatia ya kuiba kitu kidogo ili apate hela ya siku hiyo, je, tumfunge, au tumpe kifungo cha nje kinachoandamana na tiba? Mimi nasema apewe kifungo cha nje, lakini siyo cha aina ile niliyoishuhudia mwenyewe.

Kwa miaka minne nilikuwa msimamizi wa kazi katika zahanati moja ambayo sitaitaja. Mahakama ilikuwa ikituletea watu waliohukumiwa kufanya kazi za jamii bila malipo, nao walifyeka, walifagia, walizoa takataka, na bomba likikauka walichota maji kisimani. Kazi yangu ilikuwa kuwagawia mafyekeo asubuhi, kutia alama kwenye karatasi ya mahudhurio, na kuifikisha karatasi hiyo kwa afisa uangalizi. Mwaka mmojawapo aliletwa kijana aliyeiba waya wa umeme na ndoo mbili kwenye nyumba iliyokuwa ikijengwa. Siku ya kwanza alifyeka kuliko wote. Siku ya pili alikuja akipiga miayo mfululizo, macho yakimchuruzika, vinyweleo vya mikono vimemsimama ingawa jua la saa tano lilikuwa linatuchoma sote. Siku ya tatu alikaa chini ya mwembe amekumbatia tumbo, akaniambia, "Mzee, hii ni arosto, siyo uvivu." Arosto ni maumivu ya kukosa dawa mwilini. Dirisha la dawa lilikuwa hatua kama ishirini kutoka pale alipokaa. Hakuna aliyekuwa na maagizo ya kumtibu, wala mimi sikuwa na mahali pa kuandika habari ile, kwa kuwa karatasi ilikuwa na safu mbili tu, ya aliyekuja na ya asiyekuja. Nikamwandika amekuja. Kesho yake hakuonekana, nikamwandika hakuja, na baada ya muda nikasikia amerudishwa mahakamani na kufungwa kwa kuvunja masharti. Ile alama ya siku ya tatu ndiyo inayonisumbua hadi leo, kuliko ya siku ya nne.

Anayefahamu maradhi haya anajua kwamba arosto ya heroini huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, yaani zile siku ambazo hukumu inamtaka mtu awe amesimama na fyekeo mkononi. Tiba ipo. Methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto ya heroini, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, na baadaye ikasambaa katika hospitali nyingine za nchi hii. Lakini ni dawa inayonywewa kila siku mbele ya muuguzi, kwa hiyo hata ukiwa na kliniki mjini Mtwara, mtu wa Newala au Tandahimba hawezi kupanda gari kila asubuhi kuja kunywa kikombe kimoja na kurudi. Isitoshe, kwa wengi wa huko bara tatizo siyo unga, ni nipa inayopikwa kwa mabibo, na methadoni haitibu pombe. Mlevi mkubwa anayekatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa, naye anahitaji siku kadhaa za kitanda cha wodi na daktari, hata kama anaonekana ni mzee wa kijiji anayetetemeka mikono tu.

Nitangulize jambo moja ili tusipoteze muda. Sizungumzii wenye majahazi. Pwani yetu ni njia ya mzigo unaotoka mbali. Januari 2012 zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini mkoani Lindi, na Aprili 2021 zikakamatwa zaidi ya kilo 850 huko Kilwa. Mtu wa namna hiyo sheria inamsubiri na kifungo cha maisha, nami sina neno la kumtetea. Namzungumzia yule wa kete moja.

Mkulima wa Nanyamba

Mzee wangu, shikamoo. Nimekisoma kisa chako na sibishi kwamba kijana yule alikuwa mgonjwa. Nauliza tu kwa nini mwenye waya na ndoo hatajwi tena baada ya kuibiwa.

Mimi niliibiwa mashine ya kupulizia mwezi wa sita, mikorosho inachanua, na ubwiri unga, ugonjwa unaoua maua yake, haumsubiri mtu. Salfa, dawa ya kuukinga, nilikuwa nayo ndani, mifuko kumi na miwili, niliyoipata kwa kukopa, lakini salfa bila mashine ni unga wa kukaa stoo. Nikaenda kukodi kwa jirani, naye kwa haki yake alimaliza kwanza shamba lake, kisha la shemeji yake, kisha la mama yake, na zamu yangu ilipofika maua yalikuwa yameshakuwa meusi. Msimu ule korosho nilizopeleka ghalani hazikufika nusu ya zile za mwaka uliotangulia, na deni la salfa lilikuwa palepale. Wiki chache baada ya hukumu nikamkuta mwizi wangu anafagia mbele ya ofisi ya kata, akanisalimia kwa bashasha kama tuliyeachana naye harusini.

Mnasema gereza halitibu. Huenda ni kweli, lakini gereza halikujengwa ili liwe hospitali. Akiwa ndani miezi sita, kijiji kizima kinapata miezi sita ya kuacha mashine ukumbini na kulala usingizi. Hilo nalo ni tiba, ila ni tiba yetu sisi. Mkitaka nikubali vinginevyo, nionyesheni kwanza ni nani atakayenirudishia msimu wangu, kwa sababu ufagio wa ofisi ya kata haukunilipa hata kilo moja.

Mama wa Mikindani

Mwanangu wa Nanyamba, pole kwa msimu wako, na ninayasema haya nikiwa dada wa mwizi. Mdogo wangu alifungwa mwaka mmoja. Alitoka amenawiri, ngozi imetakata, anakula sahani mbili, nikachinja jogoo na majirani wakaja kumwona. Siku ya sita alikutwa nyuma ya gofu karibu na ufuko, bomba la sindano liko pembeni yake. Wenzake waliniambia kwamba alichukua kipimo kilekile alichokuwa akitumia kabla ya kufungwa. Mkono ulikumbuka kipimo, mwili ulikuwa umeshasahau.

Basi nawe unapohesabu ile miezi sita ya usingizi, hesabu na siku ya kutoka.

Wakili wa Masasi

Aliyoyaeleza Mama wa Mikindani yamepimwa. Watafiti katika jimbo la Washington, nchini Marekani, walichapisha mwaka 2007 matokeo ya kuwafuatilia watu waliotoka magerezani, wakakuta kwamba katika wiki 2 za kwanza uraiani hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na sababu iliyoongoza ilikuwa kuzidisha dawa. Sababu yake ni ileile aliyoitaja mama: mwili ukikaa bila dawa hupoteza uzoefu wa kuihimili, na mtu hurudi na kipimo cha zamani kwenye mwili mpya. Mama, pole sana.

Sasa nirudi kwenye sheria, maana naona wengi wanadhani mleta mada anaomba kitu kipya. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inairuhusu mahakama kutoa amri ya kazi za jamii badala ya kifungo, pale inapoona kwamba kifungo kinachostahili hakizidi miaka 3, baada ya afisa kuchunguza mazingira ya mkosaji na kuandika ripoti. Iko pia sheria ya uangalizi wa wakosaji, ambayo ni ya zamani zaidi, na ambayo humwachia mtu aishi nyumbani kwa masharti chini ya afisa uangalizi. Tena mahakama ya jinai ina uwezo wa kumwamuru mkosaji amlipe fidia aliyemdhuru, kwa hiyo mkulima wetu alikuwa na haki ya kudai na hakimu alikuwa na uwezo wa kuamuru. Uwezo huo hautumiki inavyopaswa, kwa sehemu kwa sababu wanaoibiwa huja kutoa ushahidi na kwenda zao bila kuombea chochote, na kwa sehemu kwa sababu hakimu anamtazama mtu mwenye kaptura moja na kujiuliza atalipa nini.

Gereza nalo lina ukomo wake. Kwa miaka mingi takwimu rasmi zilitaja uwezo wa magereza yetu kuwa watu 29,902, na waliomo walikuwa wakiuvuka. Desemba 2019 Rais Magufuli aliwasamehe wafungwa 5,533 kwa siku moja. Nafasi zilipatikana, lakini msamaha haumtibu aliyeingia na uraibu.

Hata hivyo, mzee wa fyekeo asidhani kwamba nchi zilizotangulia zimeshamaliza kazi. Mji wa Wilmington, katika jimbo la Delaware, Marekani, ulianzisha mwaka 1972 utaratibu wa kumweka mtu wa kati baina ya mahakama na tiba: anamchunguza aliyekamatwa, anamwombea nafasi kliniki, kisha anaitaarifu mahakama kama anahudhuria. Mwaka 1989 Miami wakafungua mahakama maalumu, ambamo jaji mwenyewe anamwita mraibu mara kwa mara na kumuuliza maendeleo yake. Kisha Hawaii, mwaka 2004, jaji mmoja akaja na njia ya adhabu ndogo isiyokwepeka: ukikutwa na dawa mwilini, unalala rumande siku chache papo hapo. Tathmini za mwanzo ziliisifu mno njia hiyo. Ilipojaribiwa katika majimbo mengine 4, matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha kwamba inashinda uangalizi wa kawaida. Mimi nayasoma hivi: ukali wa haraka peke yake haukutosha, na yule mtu wa kati wa Wilmington ndiye tunayemkosa hapa, zaidi ya jaji maalumu au jengo jipya. Mwingine anaweza kuyasoma vinginevyo.

Mzee wa Fyekeo

Mkulima, umenishika pabaya na sina budi kukubali. Nimekaa na karatasi ile miaka minne na sikumbuki hata mara moja kujiuliza aliyeibiwa ni nani. Niliwapokea wakosaji kana kwamba wameshuka kutoka mbinguni na fyekeo.

Kwa hiyo narekebisha hoja yangu. Mtu akihukumiwa kazi za jamii, kwa nini zote ziwe kufagia ofisi za serikali, ambazo zina wafagiaji wake? Fidia iamuriwe pamoja na adhabu, hata kama ni ya kulipwa kidogo kidogo msimu wa kuokota korosho, wakati ambapo hata mtu asiye na shamba hupata kibarua. Sisemi akupulizie mikorosho yako, maana najua hutaki kumwona shambani mwako, na ungekuwa na haki.

Lakini kwa upande wa tiba sirudi nyuma. Mahakama isiandike sharti la kuacha dawa au kuhudhuria kliniki kabla afisa hajathibitisha kwamba kliniki hiyo ipo mahali ambapo mtu huyu anaweza kufika kila siku. Kumpa mtu wa Tandahimba sharti la methadoni bila mpango wa mahali atakapoishi karibu na kliniki ni kumwandikia kifungo chenye tarehe ya mbele. Kwa watu wa nipa jambo ni jepesi kidogo, kwa sababu wanaanza na siku chache za wodi, na baada ya hapo mhudumu wa afya wa kijiji chake anaweza kumfuata. Akiteleza, taarifa iende kwanza kwa anayemtibu na kwa afisa, na hakimu ampate na maelezo ya mgonjwa huyu amefikia wapi, siyo na neno "hakuja" peke yake. Kurudia dawa mara moja au mbili ni sehemu ya ugonjwa huu na madaktari wanaitarajia. Kuiba tena ni habari nyingine, na hapo sitamwombea.

Kijana wangu wa waya angehitaji safu ya tatu kwenye karatasi, yenye upana wa kutosha kuandika neno "anaumwa", na mtu mmoja wa kuisoma siku hiyohiyo.

Mkulima wa Nanyamba

Mzee, hapo tumekaribiana, ingawa hatujafika. Ile ripoti aliyoitaja wakili nilikuwa siijui. Afisa alifika kijijini kwetu kabla ya hukumu, nakumbuka pikipiki yake, akaenda kwa mwenyekiti, akaenda kwa mama wa yule kijana, akanywa maji, akaondoka. Kutoka pale hadi kwangu ni nyumba nne. Angekuja, ningemwonyesha mifuko kumi na miwili ya salfa iliyolala stoo, na ningemwambia mambo mawili: kwamba namtaka alipe, na kwamba kijana yule, kabla ya unga, ndiye aliyekuwa akinitengenezea mashine hiyohiyo kila ikikwama. Hilo la pili sikulisema mahakamani. Hakuna aliyeniuliza.