Tende nyekundu za Kichina: zinachemshwaje, na kunazi za Dodoma zinafaa badala yake?

Mkazi wa Chamwino
Habari wakuu. Nina pakiti ya tende nyekundu za Kichina, zile kavu zenye makunyanzi, maelezo yote ni ya Kichina. Zinachemshwaje, na kipimo kwa siku ni kiasi gani? Kunazi zetu za hapa haziwezi kufanya kazi hiyohiyo? Na nikipanda kokwa zake zitaota?

Mchemsha Mizizi
Mkuu, hizo ni da zao, tunda la Ziziphus jujuba. Osha, kisha pasua kila moja hadi kwenye kokwa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanatumbukiza nzima, ngozi ni ngumu, maji yanatoka mepesi, halafu wanailaumu dawa. Kupasua pia kunakuonyesha ndani. Ukiona ungaunga wa wadudu kando ya kokwa au ukungu, tupa.

Kipimo cha kawaida ni gramu 6 hadi 15 kwa siku. Pima kwa mizani maana ukubwa unatofautiana. Nusu lita ya maji, vipande 3 vyembamba vya tangawizi mbichi, funika, moto mdogo, nusu saa. Ukikutana na Gui Zhi Tang, dawa yao ya zamani ya mafua, imeandikwa matunda 12. Hayo si ya kikombe kimoja. Mchemsho hugawanywa mara tatu.

Bustani Kavu
Kunazi zetu ni Ziziphus mauritiana, ndugu tu. Geuza jani: la mkunazi wa huku lina manyoya meupe chini, la Kichina ni laini, halina manyoya. Kunazi ni chakula kizuri, ila usiziweke kwenye dawa ya Kichina ukitegemea matokeo yaleyale.

Kupanda sishauri. Kokwa nyingi za dukani hazina mbegu hai ndani, na mti wenyewe umezoea kupukutisha majani na kulala wakati wa baridi kali, ambayo Dodoma haipo. Bora uoteshe mkunazi wa kienyeji, shina likifika unene wa penseli ubandike jicho la aina ya mkunazi yenye matunda makubwa.

Mchemsha Mizizi
Niongeze: mwenye kisukari asinywe kiholela, zaidi ya nusu ya uzito wa tunda kavu ni sukari. Mwenye tumbo kujaa gesi apunguze. Na ile mbegu ya usingizi, suan zao ren, inatoka kwenye tende pori ya Kichina. Ni dawa nyingine kabisa, usiichanganye na vidonge vya usingizi.